Shinikizo la Juu la Damu: Namna ya Kulipima na Kulidhibiti Ukishirikiana na Daktari

Watu wengi hugundua kwamba wana shinikizo la juu la damu siku waliyokwenda hospitali kwa jambo jingine: kung'oa jino, kuanza kliniki ya wajawazito, kupimwa afya kabla ya kuajiriwa, au hata kumsindikiza mgonjwa. Si ajabu, kwa sababu ugonjwa huu, ambao mitaani tunauita presha, kwa kawaida hukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Kichwa kinaweza kuuma pasipo na presha, na presha inaweza kufika 170 pasipo kichwa kuuma. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba, kati ya watu waliokuwa na presha, waliojua hali yao hawakufika hata mmoja kati ya watano, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika asilimia 1.

Kwa hiyo anayeishi na presha hawezi kujiongoza kwa jinsi anavyojisikia. Hujiongoza kwa namba. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa kwamba namba zake ziko juu, pamoja na ndugu anayemsaidia, hasa wale wanaohudumiwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu, ambako daktari au tabibu huwa na foleni ndefu na dakika chache kwa kila mgonjwa. Katika mazingira hayo, ubora wa huduma ya kitaalamu hutegemea sana kile mgonjwa anachokwenda nacho mkononi, na kwa maoni yangu daftari dogo lenye vipimo vya wiki moja lina faida kubwa kuliko safari ya gharama ya kumwona bingwa bila rekodi yoyote.

Namba mbili na maana yake

Presha huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 150/95, na kipimo chake ni milimita za zebaki. Namba ya juu ni nguvu ya damu katika mishipa moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zote mbili zina uzito, na inatosha moja kuwa juu ili tatizo liwepo. Wazee wengi huwa na namba ya juu iliyopanda huku ya chini ikiwa ya kawaida, nao wanahitaji matibabu vilevile.

Mpaka unaotumika na Shirika la Afya Duniani ni 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini, katika vipimo vilivyochukuliwa kwenye siku mbili tofauti. Marekani ilishusha mpaka wake hadi 130/80 mwaka 2017, na ndiyo maana ndugu aliyeko huko anaweza kuambiwa ni mgonjwa kwa namba ambazo hapa ataambiwa azifuatilie tu. Usikubali kuandikiwa dawa za maisha kwa kipimo kimoja cha asubuhi moja, isipokuwa namba zikiwa juu mno, yaani 180/110 au zaidi, au tayari kuna madhara kwenye moyo, figo, macho au ubongo. Vilevile usikipuuze kipimo hicho kimoja kwa kusema kwamba ulikuwa na mawazo siku hiyo. Kinachotakiwa ni kurudi na kupima tena, kwa utaratibu.

Kupima vizuri

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ni makosa yanayobadilisha matibabu. Mtu aliyeshuka kwenye daladala, akapanda ngazi, akaitwa jina lake akiwa bado anahema, atapata namba ambayo si yake. Kabla ya kupimwa unatakiwa kuketi kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini bila kukunja nne, na mkono ukiwa umewekwa juu ya meza ili sehemu inayopimwa iwe sawa na usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye kazi ya nguvu, na ukabanwa na mkojo, nenda chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Wakati wa kupima usizungumze, na anayekupima asikuulize maswali. Hakuna ubaya wowote kumwambia muuguzi kwa adabu, "Dada, naomba nikae kidogo kwanza, nimefika sasa hivi."

Mkanda unaofungwa mkononi nao una saizi. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko ukweli, na kuna watu wanaomeza dawa wasizozihitaji kwa sababu hiyo tu. Ikiwa una mwili mkubwa, uliza kama kuna mkanda mpana. Ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati au shungi, wala shati lisikunjwe mpaka likabana mkono kama kamba. Mara ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, na tangu hapo utumike ule uliotoa namba kubwa. Tofauti kubwa kati ya mkono na mkono, ikiwa inajirudia, ni jambo la kumweleza daktari.

Ukiweza kununua mashine ya nyumbani, chagua ya kufunga mkono wa juu, maana zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Ipeleke kliniki siku moja, upimwe kwa mashine yao na yako kwa zamu, ili ujue kama zinapatana. Kisha, kwa siku saba kabla ya kwenda kumwona daktari, pima asubuhi kabla ya kunywa dawa na kabla ya kifungua kinywa, na jioni kabla ya kulala. Kila mara pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, na uandike namba zote pamoja na tarehe na saa. Usichague zile nzuri. Daktari ataondoa za siku ya kwanza, ambazo mara nyingi huwa juu kwa sababu ya wasiwasi, na kupata wastani wa zilizobaki. Nyumbani mpaka ni 135/85, kwa kuwa mtu aliyetulia kwake huwa chini kidogo kuliko akiwa mbele ya koti jeupe.

Vipimo hivi vya nyumbani hufichua watu wa aina mbili ambao kliniki peke yake haiwatambui: anayepanda akiwa hospitali tu, na yule ambaye hospitali yuko sawa lakini nyumbani na kazini yuko juu. Wa pili ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu kila mtu humwambia kwamba hana shida. Asiye na uwezo wa kununua mashine anaweza kuchangia moja na majirani au jamaa, au kupita kwenye zahanati iliyo karibu siku kadhaa mfululizo kwa saa ileile.

Ziara ya kwanza: mambo ya kusema na vipimo vya kuulizia

Anza kwa kutaja kila kitu unachokimeza, hata kile unachokiona si dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo na magoti kana kwamba ni peremende, hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa za presha na huumiza figo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, prednisoloni, baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua, na pombe ya kila siku navyo huweza kupandisha presha. Taja pia dawa za miti shamba unazotumia. Tabibu anayejua kazi yake hatakugombeza, na asipojua unachokunywa hawezi kueleza kwa nini kiwango cha madini ya potasiamu katika damu yako kimeharibika. Mwambie kama unakoroma sana na kuamka umechoka, kama kuna mzazi au ndugu aliyepata kiharusi au ugonjwa wa figo akiwa bado kijana, na, kwa mwanamke, kama ujauzito wowote uliwahi kuwa na presha au kifafa cha mimba.

Vipimo vya mwanzo si vingi, na vingi vyake hupatikana hadi hospitali ya wilaya: mkojo kuangalia protini na sukari, damu kuangalia potasiamu na kreatinini (taka inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi), sukari ya damu, lehemu (kolesteroli), na kipimo cha umeme wa moyo. Pakiwa na mtaalamu wa macho, aangalie sehemu ya nyuma ya jicho, kwa sababu hapo mishipa midogo huonekana moja kwa moja na madhara ya miaka mingi hujitokeza. Kutopatikana kwa kipimo kimojawapo kusiwe sababu ya kuchelewesha dawa kwa mtu ambaye presha yake imethibitika. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo waziwazi katika mwongozo wake wa mwaka 2021.

Wagonjwa wengi sana hawana sababu moja inayoonekana ya presha yao. Ni mchanganyiko wa urithi, umri, uzito na chumvi. Lakini kuna wachache ambao presha yao hutokana na ugonjwa mwingine, kama vile wa figo, wa tezi zilizo juu ya figo, au wa mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Hao ndio wanaohitaji bingwa kweli. Omba rufaa ikiwa presha imeanza ukiwa na umri chini ya miaka 40, na hasa chini ya 30, ikiwa unatumia dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, na bado hushuki, ikiwa potasiamu iko chini bila sababu, au ikiwa mkojo una protini na kreatinini inapanda. Kwa kawaida safari hiyo hupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha zile za kanda kama Bugando mjini Mwanza au KCMC mjini Moshi, na kwa matatizo ya moyo wenyewe, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam. Mwenye bima aulize mapema kuhusu barua ya rufaa, kwa sababu kuruka ngazi kunaweza kumlazimu alipe mfukoni. Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, kliniki ya karibu inayowaona kila mwezi inafaa kuliko hospitali kubwa wanayoifikia mara moja kwa mwaka.

Dawa

Kuna makundi matatu yanayoanzwa nayo: yale yanayolegeza mishipa kama amlodipini, yale yanayozuia homoni inayobana mishipa, ambamo mna enalapili, lisinopili na losatani, na vidonge vya kuongeza mkojo kama hidroklorothiazaidi. Madaktari wengi sasa huanza na dawa mbili kwa dozi ndogo badala ya moja kwa dozi kubwa, na hilo lisikutishe wala kukufanya udhani kwamba ugonjwa wako ni mbaya sana. Utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usio nayo. Ni busara kumuuliza daktari kwa nini amekuchagulia hizi na si zile. Jibu lake litakusaidia kuzifuata.

Nguvu kamili ya dawa haionekani kesho yake. Ipe wiki mbili hadi nne kabla ya kusema kwamba haikufai, na usiongeze kidonge mwenyewe katikati. Lengo ni kushuka chini ya 140/90, na kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, namba ya juu ishuke chini ya 130. Presha ikishuka maana yake dawa inafanya kazi. Haina maana kwamba umepona. Wengi huachia hapo, wakahisi vizuri miezi miwili, kisha jamaa zao wakawakuta wameanguka bafuni.

Kila dawa ina kero zake, na karibu kila kero ina ufumbuzi ukiisema. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Hilo si lazima liwe figo, na daktari anaweza kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kundi jingine. Enalapili na lisinopili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, ambacho watu hukitibu kwa dawa za kifua miezi mizima, na kumbe kubadilishiwa losatani kungekimaliza. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla baada ya kutumia dawa hizo mbili, hiyo ni dharura na zisirudiwe kamwe. Dawa za kuongeza mkojo zimezwe asubuhi, la sivyo usiku utapita chooni. Atenoloni na propranololi, ambazo bado wengi wanazo, zisikatishwe ghafla, kwa kuwa moyo unaweza kwenda mbio na presha kurudi kwa kishindo.

Kuna jambo ambalo wanaume hulificha hadi wanaacha dawa kimyakimya, nalo ni nguvu za kiume. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa, hasa za kuongeza mkojo na kundi la atenoloni, huweza kuzipunguza, lakini presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa ileile. Mwambie daktari waziwazi, kama unaona haya omba kuzungumza naye bila mtu mwingine chumbani, kwa sababu dawa mbadala zipo.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atamke mapema kama anapanga kupata mimba. Enalapili, lisinopili na losatani hudhuru mtoto tumboni, na badala yake hutumika methildopa, nifedipini ya kutoa nguvu polepole au labetaloli. Mjamzito mwenye presha pamoja na kichwa kinachouma vikali, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia asisubiri siku ya kliniki.

Wanaofunga Ramadhani waonane na daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama. Dawa za kumezwa mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku bila taabu, dawa ya kuongeza mkojo mara nyingi hupelekwa wakati wa futari au hupunguzwa ili mtu asikaukiwe na maji mchana wa joto la pwani, na aliye na figo dhaifu au aliyelazwa karibuni huenda akashauriwa asifunge. Kuziacha mwezi mzima na kuzirudia siku ya Idi ni kujiweka hatarini.

Chumvi, na mengine ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote: ya kupikia, ya mezani na ile iliyofichwa. Ya kufichwa ndiyo inayotushinda. Ng'onda na papa mkavu, vidonge vya kuungia mchuzi, soseji, karanga za kukaanga na chumvi, embe mbichi la chumvi na pilipili, achari, na hata mkate wa dukani, vyote huchangia. Loweka samaki wa chumvi na umwage maji yake mara mbili, ondoa kidonge cha mchuzi na uweke tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na bizari, na kichupa cha chumvi kisifike mezani kabisa. Chips ziombe bila chumvi kabla hazijanyunyiziwa. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na familia nzima hufaidika kwa sababu sufuria ni moja. Kumpikia baba chungu chake pembeni hakudumu.

Maharage, mchicha, ndizi na machungwa yana potasiamu inayosaidia kushusha presha, ila mwenye figo zilizoharibika asiyaongeze, wala asinunue chumvi mbadala zenye potasiamu, kabla ya kuuliza. Kutembea kwa kasi jumla ya dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito uliozidi, na kupunguza pombe hushusha namba kwa kiasi kinachoonekana. Sigara iachwe kwa ajili ya moyo na mishipa, hata kama namba za presha hazitashuka kwa hilo. Kitunguu saumu na juisi ya rosela vina athari ndogo ya kushusha na havina ubaya kama chakula. Ubaya huanza pale vinapouzwa kama badala ya vidonge, na muuzaji hayupo siku mgonjwa anapolazwa.

Dharura

Ukikuta 180/120 au zaidi lakini hujisikii vibaya, keti, pumzika dakika tano, pima tena, kumbuka kama uliruka dawa, na uonane na mtaalamu siku hiyo au kesho yake. Usijishushe kwa haraka nyumbani. Kutoboa kidonge cha nifedipini na kukiweka chini ya ulimi, kama ilivyozoeleka zamani, kunaweza kushusha damu ya ubongo ghafla na kusababisha kiharusi kilekile unachokiogopa. Lakini namba hizo zikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, degedege au macho kuacha kuona, nenda hospitali papo hapo.

Kiharusi hakisubiri mashine. Upande mmoja wa uso ukilegea, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, tazama saa na uiandike, kwa sababu daktari atauliza dalili zilianza lini hasa. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, usimpe chakula, maji wala kidonge chochote, hata aspirini, na tafuta gari lolote litakalomfikisha kwenye hospitali yenye kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ubongo, haraka iwezekanavyo.

Kuendelea na kliniki

Mwanzoni utarudi kila mwezi hadi namba zitulie, baadaye kila miezi mitatu hadi sita, na vipimo vya figo na sukari virudiwe angalau mara moja kwa mwaka. Nenda na daftari lako, na dawa zenyewe katika pakiti zake, si orodha uliyoikumbuka, maana dawa ileile huuzwa kwa majina mengi ya kampuni na kuna watu wanaomeza amlodipini mara mbili bila kujua. Siku ya kliniki kunywa dawa zako kama kawaida. Ukizikosa asubuhi hiyo, daktari atapima presha isiyo na dawa na kukuongezea dawa bila sababu. Maswali yawe mawili au matatu, yaandikwe kabla: namba zangu zimefika lengo, figo zangu ziko vipi, dawa ipi inaweza kupunguzwa au kubadilishwa.

Unaposafiri kwenda kijijini kwa msiba au sikukuu, beba dawa za wiki mbili zaidi ya siku ulizopanga, na uipige picha kadi yako kwa simu. Ukihamia mkoa mwingine, omba muhtasari wa matibabu kabla ya kuondoka, kwa sababu kuliomba faili ukiwa mbali huchukua muda mrefu. Na kwa kuwa presha hurithiwa, kaka, dada na watoto wako waliokwisha kuwa watu wazima wapimwe nao, mashine ikiwa tayari iko mezani.